Ukuta Unaohamia Birikani

Pasi ya mvuke ya nyumbani kwetu ina ubaguzi, na wala haujifichi. Kanzu nyeupe inainyoosha kwa adabu kutoka shingoni mpaka pindoni. Ikiletewa buibui jeusi, inatema. Kwanza hukohoa, halafu hupuliza kimvuke cha kukutuliza roho, halafu hutapika tone nene jeupe katikati ya mgongo, mahali ambapo mvaaji hapaoni na waliokaa nyuma yake ukumbini hawana pengine pa kutazama. Mke wangu amekaa harusi nzima ya binamu yake na mlolongo wa madoa mgongoni, mpaka mama mmoja mtu mzima alipomwinamia sikioni na kumwuliza iwapo nyumbani tunapaka rangi.

Hatupaki rangi. Lile tone ni kisiwa cha Unguja, kijipande chake, kilichofika ukumbini kwa njia ya bomba.

Maana kisiwa chetu, ukikiondolea ule udongo mzuri wa upande wa magharibi unaolea minazi na mikarafuu, kilichobaki ni jiwe la matumbawe. Mvua inashuka laini, haina kitu ndani yake. Ikipita hewani, na zaidi ikipita ardhini penye mizizi na majani yanayooza, inachukua gesi ya kaboni dioksidi na kugeuka tindikali dhaifu, dhaifu hata ukiinywa hutajua. Jiwe la chokaa linajua. Maji yanalilamba polepole, yanapenya, yanachimba mapango, lile la Mangapwani likiwa mojawapo, na yakifika kisimani yamebeba jiwe tumboni bila ya mtu kuliona. Yako mang'avu, baridi, matamu. Hayana kasoro yoyote mpaka uyachemshe.

Ukiyachemsha, gesi inatoroka, na jiwe lililokuwa likielea kwa hisani ya gesi hiyo linabaki halina mdhamini. Linarudi ujiweni. Sukari na chumvi huyeyuka zaidi maji yakipata moto. Hili tabia yake ni kinyume, kila joto likipanda nalo linakataa kuyeyuka, linatafuta pa kukaa, na kiti kinachoipendeza nafsi yake ni kile chenye moto mkali kuliko vyote. Yaani koili. Vitabu vya skuli huita hali hii ugumu wa muda, kwa sababu huondoka kwa kuchemsha, na mwalimu wetu wa kemia alitufundisha jambo hilo bila ya kucheka. Alichotuficha ni unakokwenda ukishaondoka.

Sasa uchanganye hayo na nyumba ya mama mkwe wangu, ninamoishi kwa hisani yake na kwa masharti yake. Iko Mji Mkongwe, ghorofa mbili, kuta zina unene wa mkono mzima. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zimelalia boriti za mikoko. Chokaa yenyewe ilizaliwa kwenye tanuu: magogo yanapangwa mviringo, matumbawe yanarundikwa juu, moto unatiwa, na jiwe linaungua siku kadhaa mpaka linaachia gesi yake na kubaki jepesi, jeupe na lenye hasira. Ulimwagie maji, litatokota lenyewe bila ya kuni. Likishatulia na kupigwa ukutani linaanza kuivuta gesi ileile kutoka hewani, taratibu, miaka na miaka, mpaka linakuwa jiwe upya. Ndiyo maana waashi wanaozijua nyumba hizi wanaikataa saruji. Saruji inauziba ukuta na unyevu ndani yake. Chokaa inauacha ukapumua. Nyumba za Mji Mkongwe zinapumua kweli, na wakati wa masika hupiga chafya pia, lipu ikadondokea sahani ya wali.

Kwa hesabu yangu, basi, mambo yako hivi. Juu, mvua inailamba lipu na ukuta unakonda. Chini, jikoni, birika linanenepa. Nyumba inahama, inatoka ukutani inaingia birikani, na anayelipia nauli ni mimi. Mke wangu, ambaye amesoma kunishinda, anasema hesabu hiyo haina mguu wala kichwa, kwa kuwa maji ya bomba yanatoka ardhini mbali na hapa wala hayapiti kwenye kuta zetu. Ni kweli. Lakini yeye hajawahi kumbebea fundi mfuko wa chokaa mpya asubuhi, kisha jioni akakwangua chokaa kuukuu kwenye birika, akaviona vyote viwili viko kwenye ndoo mbili jirani.

Birika la umeme likianza kuugua, dalili ya kwanza ni kelele. Linavuma, linanguruma, jirani anadhani tumenunua mashine ya kusaga. Dalili ya pili ni uvivu: maji ya vikombe viwili yanaanza kuchukua muda wa sufuria ya pilau, kwa kuwa jiwe halipitishi joto vizuri na koili inajipasha yenyewe ndani ya joho lake kabla hata maji hayajapata habari. Dalili ya tatu inamfikia mgeni. Ni vigaga vyeupe vyembamba vinavyozunguka kikombeni. Aliwahi kutujia mzee mmoja mstaarabu, rafiki wa marehemu baba mkwe, akakoroga chai yake, akaitazama, akaikoroga tena kwa muda mrefu, mwisho akasema kwa upole kwamba sukari ya siku hizi haiyeyuki.

Tulimwita fundi umeme. Akalifungua birika, akaitazama koili, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kulipwa. "Hapa tatizo ni maji," akasema. "Mwiteni fundi bomba." Fundi bomba akaja, akafungua mfereji wa jikoni, akayakinga maji kwenye kiganja, akayaangalia, akasema maji hayana neno, tatizo ni umeme wa siku hizi, unapanda na kushuka. Wote wawili walilipwa. Wote wawili wakanywa chai kabla ya kuondoka, na chai hiyo ilichemshwa kwa sufuria juu ya jiko la gesi, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

Aliyefumbua fumbo alikuwa mwashi, na hakuitiwa birika. Alikuja kutengeneza ukuta wa ngazini. Wakati wa kunawa aliiona koili imewekwa dirishani, akaikwangua kwa ukucha, akaigonga kwa mwiko, akaionja kwa ncha ya ulimi, na akatoa hukumu: "Hii chokaa bado haijachomwa." Mafundi wawili wenye vipima umeme na spana hawakuona kile alichokiona mtu mwenye mwiko. Nilitamani kumpa kazi ya kuzitibu mashine zote za nyumba hii, lakini yeye alikuwa na ukuta wake.

Mama mkwe alikuwa akisikiliza. Yeye ni mlaji wa tambuu wa daraja la juu, ana kijaluba cha fedha alichorithi, na popoo zake hazikatwi na mtu mwingine. Aliposikia neno chokaa akaamka. "Basi mwanangu, ikwangue uniletee. Hii ya dukani inanichoma ulimi."

Nilimweleza kwamba chokaa ya tambuu ni ile iliyopita motoni kisha ikazimwa kwa maji, na kwamba kuifanya hii ya birika ifae ingebidi ipate joto la kiasi cha nyuzi 900. Akauliza birika linafika ngapi. Nikasema 100, halafu linajizima.

Akafikiri. "Basi birika lenu halifai huku wala kule."

Sitaki msomaji adhani tunalalamikia afya. Hayo maji tunayanywa tangu utotoni na meno tunayo. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo chochote cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya, na kalsiamu yenyewe mwili unaihitaji. Mama mkwe, au Bibi kama wanavyomwita watoto wangu, ameyanywa umri wake wote na anapanda ngazi za nyumba hii kunishinda. Wanaokufa ni mashine. Zinatoka huko zilikotengenezwa na vitabu vyake vya maelezo kwa lugha kumi na mbili, hakuna hata ukurasa mmoja unaokiri kwamba maji yanaweza kuwa jiwe lililo safarini.

Jikoni ugomvi huu ni wa zamani na ulishapatiwa sulhu kabla umeme haujafika. Mbaazi, kwa mfano. Zilowekwe usiku kucha, zitiwe jikoni alfajiri, saa nne bado zinagonga sufuria. Kalsiamu inajishika kwenye kuta za punje na kuzikaza zisilainike. Bibi hana habari ya kalsiamu. Ana habari ya magadi. Kidole kimoja cha magadi na mbaazi zinasalimu amri, tui likitiwa zinakuwa uji wa heshima wa kuliwa na mandazi. Akizidisha, ladha inakwenda upande wa sabuni, lakini Bibi hazidishi. Wanaozidisha ni wakwe wa kike wa nyumba za watu wengine.

Chai kavu nayo ina mambo yake. Iache kikombeni dakika chache, juu yake utaona utando wenye mng'aro wa mafuta, na ukiupitisha kijiko unapasuka vipande vipande. Watu huulaumu mwiko, sufuria, hata aliyeosha vikombe. Ni kalsiamu imekutana na viungo vya majani ya chai chini ya hewa. Kipande cha ndimu kinauzuia, na sisi tuliokuwa tukikamulia ndimu kwenye chai kwa utamu tu kumbe tulikuwa tukifanya kemia.

Sabuni ya mche ndiyo yenye msiba mkubwa. Kabla ya kugusa nguo inabidi kwanza iilishe kalsiamu yote iliyomo kwenye beseni, ikigeuka ukoko wa kijivu unaojipaka ukingoni, na ni pale tu maji yanaposhiba ndipo povu linapotokea. Nusu ya sabuni tunayonunua inafua maji.

Tumejaribu tiba. Ndimu ndiyo ya kwanza na ya kweli: kamua, mimina, chemsha, subiri, na utaliona jiwe linatoa vijipovu, ile gesi iliyofungwa inafunguliwa. Kwa birika dogo inatosha. Ila ndimu zina msimu, na bei yake nje ya msimu inakufanya ulitazame birika na kujiuliza iwapo mnapendana kiasi hicho. Siki inafanya kazi hiyohiyo. Mpwa wangu anayesoma chuo alikuwa na hakika na siki. Aliona kwenye simu, akaingia jikoni sisi tukiwa msibani, na kwa kuwa siki iliyokuwamo nyumbani ilikuwa ni ile iliyoizamisha achari ya embe ya Bibi, akaitumia hiyo, na pilipili zake, na bizari yake, na hardali yake.

Nitakuwa muungwana: ilifanya kazi. Koili ilitoka inang'ara. Lakini kifuniko cha plastiki kilikunywa harufu na hakikuitema. Kwa muda mrefu baadaye chai ya nyumba hii ilikuwa na mwisho wa pilipili, na watoto walizoea kiasi kwamba walipokwenda kwa shangazi yao walisema chai yake haijakolea. Bibi hakulilia birika. Alililia achari, iliyobaki mtungini imekauka, na hadi leo mpwa wangu akija anapewa kila kitu mezani ila achari.

Halafu pakaja sumaku. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati mwenye mkoba, na alichouza ni vipande viwili vya sumaku vya kufungwa juu ya bomba, kimoja huku, kimoja huku. Maji yakipita katikati, alisema, chokaa inapigwa butwaa na haishiki tena. Watafiti wameibishania habari hii ya sumaku miaka mingi na majibu yao hayakubaliani. Yeye hakuwa na shaka hata chembe, na bei yake pia haikuwa na shaka. Tukafunga. Bibi alishuka asubuhi, akaona kitu cheusi kimefungwa kwa kamba kwenye shingo ya bomba, akasimama mbali.

"Hirizi hiyo. Nani aliyekufungieni?"

Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba babu yake alikuwa akifunga vizuri zaidi na hachukui pesa kabla ya kitu kuonekana. Birika liliendelea kunenepa mbele ya sumaku zote mbili. Watoto wakazifungua, wakazifunga kwenye uzi, na sasa wanavulia sarafu kwenye mtaro wa mbele ya nyumba. Sarafu nyingine zinanasa, nyingine hazinasi, lakini wao ndio watu pekee waliowahi kupata faida kwenye biashara ile.

Ipo dawa inayotibu kweli. Ni chombo cha kulainishia maji, mtungi uliojaa punje za utomvu wa viwandani; maji yakipita, punje zinaikamata kalsiamu na kuachia sodiamu mahali pake, na zikichoka zinaoshwa kwa maji ya chumvi nyingi na kuanza upya. Mahoteli yanavyo. Niliileta habari hiyo mezani, Bibi akaweka kijiko chini. "Yaani mnanunua chumvi, mnatia kwenye maji, ili kuyaondolea chumvi maji?" Nilitaka kusema kwamba ziko chumvi na chumvi. Lakini mtungi ule unataka pia msukumo mzuri wa maji, na kwetu maji huja usiku, kwa kunong'ona, na anayeyasikia kwanza ndiye anayejaza tangi. Suala likafungwa.

Tulikinga pia mvua. Maji ya mvua ni laini kweli kweli: unajipaka sabuni mara moja, povu linakufunika, kisha unajimwagia, unajimwagia, na sabuni haitoki, ngozi inateleza tu. Mimi nilifurahi. Bibi aliyaonja akasema hayana kitu, kayanywa na kiu iko palepale.

Bafuni kuna bomba la mvua, nalo limeziba matundu kadhaa na mengine limeyapinda. Mshipa mmoja wa maji unakwenda darini, mmoja unaipiga taulo mahali ilipotundikwa kwa usalama, mmoja mwembamba na mkali unakutafuta jicho popote ulipo. Katikati, unaposimama mwogaji, pakavu. Ukitaka kukoga unalizunguka.

Haya yote Sayyid Barghash hakuyaona. Yeye ndiye aliyeuletea mji huu maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa kaskazini, katika utawala wake wa mwaka 1870 hadi 1888, na kabla yake watu walitegemea visima. Alijenga Beit al-Ajaib, alijenga hamamu ambayo mtaa mzima wa Hamamni umepewa jina lake, na sina shaka maji yake yalikuwa magumu kuliko uso wa mlinzi wake. Lakini hakuwa na pasi ya mvuke. Masufuria yake yalisuguliwa kwa mchanga, na waliosugua hakuna aliyewauliza maoni yao kuhusu maji.

Wakati ambapo mashine zetu zilipumzika kweli ulikuwa ule umeme ulipokatika Unguja nzima kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Watu wanakumbuka kiza, majenereta, foleni za ndoo, biashara zilizokufa. Mimi nakumbuka hayo yote, na nakumbuka pia kwamba birika letu la zamani halikuongeza hata punje moja. Umeme uliporudi mtaa mzima ulipiga vigelegele. Birika likavuma mara moja, likapasuka koili, kiza kikarudi nyumbani kwetu peke yetu.

Tuje kwenye mashine ya kufulia. Ililetwa na shemeji yangu, dada wa mke wangu, anayeishi Maskati. Ilikuwa yake mwenyewe; alinunua mpya akaitia hii kwenye kontena la ndugu na jamaa, imefungwa mablanketi, ndani ya pipa lake imejazwa mchele na sabuni kuziba nafasi. Maskati wanatumia zaidi maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kiwandani, kwa hiyo mashine hii ilikuwa imelelewa kwa maziwa. Ilikuja ina umri wa miaka mingi na uso wa bi harusi. Jirani wote walipita kuitazama inavyozunguka.

Mke wangu aliipenda kwa sababu inapasha maji yenyewe. Alikuwa akiichagulia nyuzi 60 kwa shuka, 90 kwa taulo, na kila nyuzi iliyoongezwa ilikuwa mwaliko kwa jiwe. Maji baridi yangeifikisha uzeeni. Lakini nani ananunua ngamia amfunge mlangoni? Taratibu ikaanza kuchukua saa nyingi, ikaanza kunung'unika, na Ijumaa moja, kanzu zangu zote zikiwa ndani, ikapiga mlio mmoja, umeme wa nyumba nzima ukazimika, na mlango wake ukagoma kufunguka. Nilikwenda msikitini na shati la kazini. Watu waliniuliza iwapo ninasafiri.

Yule mwashi ndiye tuliyemwita, sifichi. Alikuja na kijana wake anayejua nyaya. Walipoitoa koili ilikuwa haina umbo la koili. Ni gogo jeupe lenye mashina, na mwashi akaligeuzageuza mkononi na kusema amewahi kulipwa kutengeneza nguzo mbaya kuliko hii. Bibi akaliomba. Kwa sasa linazuia mlango wa uani usipigwe na upepo wa kusi, na kazi hiyo linaifanya kwa uaminifu kuliko ile ya kwanza.

Shemeji alipopata habari hizi hakukasirika. Alituma zawadi: mashine ya kahawa. Unabonyeza kitufe, inasaga, inavuma, inatoa kahawa kidogo yenye povu. Ndani ya boksi mlikuwa na kikaratasi cha kupimia maji, chenye viraba vinne. Unakichovya kwenye maji ya nyumbani kwako, kila kiraba kinachobadilika rangi ni daraja moja la ugumu, kisha unaiambia mashine daraja lako ili ijue lini ikukumbushe kuisafisha. Tulikichovya familia nzima tukiwa tumekizunguka. Viraba vyote vinne vikageuka vyekundu papo hapo, na mwanangu mdogo akapiga makofi akidhani tumepata alama zote.

Ilifanya kazi. Kisha ikawasha taa ya rangi ya machungwa. Tukaisafisha kwa dawa iliyokuja nayo, ikazima taa, ikatoa vikombe kadhaa, ikawasha tena. Dawa ikaisha. Bibi akaifunika kwa kitambaa cha kudarizi, akaweka juu yake saa ya mezani na picha ya marehemu, na wageni wakaendelea kunywa kahawa ya dele iliyopikwa kwa makaa, chungu, na tangawizi, na vipande vya kashata. Hakuna aliyewahi kuuliza chini ya kitambaa kuna nini.

Mpaka shemeji alipotangaza kwamba anakuja likizo. Nyumba ikashikwa na homa. Mke wangu akanunua maji ya chupa, madumu mawili makubwa, kwa ajili ya mashine tu. Bibi alipoona mashine inanyweshwa maji ya kununua na yeye anakunywa ya bomba, alikaa kimya siku nzima, na kimya cha Bibi kina uzito wa kontena. Picha ya marehemu ikahamishwa. Shemeji akafika, tukamsalimu, tukambonyezea kitufe. Akapokea kikombe chake, akapiga funda moja, akakiweka chini.

"Hamna ya dele?"

Alikaa nasi mwezi. Mashine ilirudi chini ya kitambaa, na saa juu yake. Kila asubuhi tulimkuta jikoni ameinamia mfereji, anakinga gilasi, anakunywa, anafumba macho. Anasema kule Maskati kila kitu wanacho, ila maji yao hayana mtu ndani. Siku ya kuondoka alifunga masanduku mawili: moja nguo, karafuu, mdalasini na achari ya Bibi ile ambayo mpwa wangu haonjeshwi, na la pili lilikuwa na dumu la lita kumi, limezungushiwa kanga ili lisivuje. Maji ya mfereji wetu. Bibi ndiye aliyelijaza kwa mkono wake, usiku, yalipokuja.

Nilimbebea masanduku mpaka uwanja wa ndege. Pale mlangoni, tulipoagana, nilimwomba kitu kimoja tu, kwa sababu nilikumbuka jiko lake nililowahi kuliona kwenye picha, na vile vyombo vyake vyote vinavyong'ara: ayanywe yakiwa baridi.